Mshale Uliopungua Vidole Vinne

Mbuzi ndio waliomjulisha Isaro kwamba kuna jambo. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba 2015, saa mbili unusu asubuhi, kwenye shamba dogo ambalo baba yake alilikodi nje ya Highview, kusini mwa Louisville. Aliposhuka garini aliwakuta mbuzi wote wamebanana kwenye kona moja ya zizi, wanalia, na ndoo ya maji imepinduka. Aliita, hakuitikiwa. Akazunguka zizi.

Mzee Rurangwa alikuwa amelala ubavu nyuma ya uzio, katikati ya majani marefu, na mshale umesimama kwenye paja lake la kushoto. Kabla ya kumfikia ulikuwa umepasua ubao wa uzio. Juu ya jeraha paja lilikuwa limefungwa kamba, imekazwa barabara. Alikuwa hana fahamu, lakini alikuwa anapumua. Isaro, mwanafunzi wa uuguzi, aliita gari la wagonjwa huku amekandamiza jeraha kwa kanga aliyojitanda.

Kabla ya adhuhuri polisi wa kaunti walikuwa wameshampata mtu wao. Kamanzi, kijana mrefu wa Newburg, mchumba wa Isaro mwenyewe, alikamatwa akitoka kwenye msitu unaopakana na shamba, upinde wake mkononi. Mishale yake ilikuwa na manyoya mawili meupe na moja la kijani, sawasawa na ule uliokuwa kwenye paja la mzee. Podo lake lilikuwa na nafasi moja tupu. Tena kanisa lao zima la wakimbizi lilijua kwamba wiki iliyotangulia yeye na mzee walifokeana uwanjani, mzee akitaka harusi ingoje Isaro amalize masomo. Na shahidi alikuwepo: Gatsinzi, mwalimu wa kwaya, aliyewaambia polisi kwamba asubuhi ile, akipita kwenda kazini, alimwona Kamanzi anaingia kwenye msitu wa mzee.

Upinde, manyoya, ugomvi na shahidi. Kesi ilikuwa imejifunga yenyewe kama mzigo wa kuni.

Wakili aliyemtetea Kamanzi alikuwa na mpelelezi wake, Editha, mwanamke wa Bukoba aliyefanya kazi ya upelelezi katika polisi ya Mwanza kabla masomo ya mumewe hayajawavusha bahari. Editha hakuwa anajua lolote kuhusu pinde. Alichojua ni watu, na jambo moja alilofundishwa na mkubwa wake wa zamani: kesi isiyo na hata uzi mmoja unaoning'inia, ivute mpaka uuone.

Alimkuta Kamanzi mahabusu, magoti yake hayaenei chini ya meza.

"Mama, sikufichi," Kamanzi alisema. "Nilimufokea muzee, na nikaona haya. Lakini kumupiga mushale? Ule ni baba ya Isaro."

"Mshale wako mmoja uko wapi?"

"Nilipiga kulungu, nikamukosa. Ukaingia ku matope, nikatafuta mpaka nikachoka. Donc, sasa nani atanisadiki?"

"Manyoya ya kijani na meupe, ni wewe peke yako unayeyatumia?"

"Hapana. Tuko watatu. Mimi, Ndahiro na Gatsinzi. Tulichagua rangi moja sababu tunawinda pamoja." Akaegemea meza. "Mama, mimi sina uraia bado. Wakinihukumu, watanirudisha. Na kule kwetu milimani nyumba ilichomwa. Nitarudi wapi?"

Jumatatu Editha aliomba kuviona vielelezo. Afisa mmoja alisimama kando akimwangalia, mikono kifuani. Mfuko mmoja ulikuwa na mishale mitano iliyotolewa kwenye podo la Kamanzi, mwingine ulikuwa na mshale uliotolewa kwenye paja la mzee. Editha aliiweka sambamba juu ya meza, mkia kwa mkia. Rangi zilikuwa zilezile. Lakini mshale wa mzee ulikuwa mfupi kuliko mingine, umepungua upana wa vidole vinne vyake, na haukuwa umevunjika: kigumba chake cha chuma kilikuwa mahali pake mbele, na kishikio cha uzi kilikuwa mahali pake nyuma. Aliubeba kwenye kiganja, kisha akabeba wa Kamanzi. Ule mfupi ulikuwa mzito zaidi, hasa upande wa kichwa.

"Mnaonaje hili?" aliuliza.

"Mwindaji anaweza kuwa na mishale ya kila namna," afisa alijibu.

Huenda. Editha alipiga picha, akapima, akaaga.

Kutoka hapo aliendesha gari hadi shambani. Barabara ya vumbi iliacha lami, ikapanda kilima, ikapita msituni, ikafika kwenye lango la mzee Rurangwa, ikaishia papo hapo. Hakuna nyumba nyingine, hakuna njia ya kutokea. Editha alizima gari akaketi akilitazama lango lile kwa muda. Kisha akarudi mjini kumtafuta Ndahiro, maana wakili alimtaka asimguse kwanza Gatsinzi, shahidi wa polisi.

Ndahiro alikuwa mfupi, mikono yake mifupi, na aliposikia neno mshale alianza kutokwa jasho. Mkewe Mukabutera ndiye aliyemjibia. "Ile asubuhi mume wangu alikuwa ku uwindaji, kama kila Jumamosi. Huyu ni mwindaji kweli, mama!"

"Peke yako?" Editha alimuuliza Ndahiro.

"Peke yangu."

"Ulikuwa msitu gani?"

Ndahiro alitazama chini. Alitaja msitu mmoja, kisha akataja mwingine. Mtu mfupi, mshale mfupi, na uongo mdomoni: Editha alihisi ameshapata. Aliomba kuuona upinde. Ndahiro aliuleta kutoka chumbani, naye Editha akamwambia, "Uvute kidogo nione unavyofanya kazi."

Ndahiro alishika uzi, akavuta. Uzi ulisogea kidogo tu. Bega lake la kulia lilitetemeka, uso ukamkunjamana kwa maumivu, akauachia. Mukabutera alishangaa.

"Tangu boksi liliniangukia ku kazi, siwezi," Ndahiro alisema kwa sauti ndogo. "Daktari alipasua bega. Kila Jumamosi ninaenda kukaa ndani ya motokari, ninakunywa kahawa, ninarudi. Sikupenda mke wangu ajue. Anajisifu sana juu yangu."

Mukabutera alifungua mdomo kumgombeza, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamshika mumewe bega lile bovu kwa upole. Editha aliondoka amempoteza mshukiwa wake.

Mzee Rurangwa alirudi nyumbani Krismasi ikiwa imekaribia, mwembamba, magongo kwapani. Tangu hospitalini alikuwa akimwambia kila aliyekuja kumjulia hali kwamba Kamanzi ni muuaji. Editha alipofika, Isaro ndiye aliyemfungulia mlango.

"Mzee, sikuja kukugombeza," Editha alisema. "Nina swali moja. Uliwezaje kujifunga kamba ile? Daktari anasema ndiyo iliyokuokoa."

"Mimi?" mzee alisema. "Ni huyu mtoto alinifunga."

Isaro aligeuka. "Hapana, baba. Nilikukuta umeshafungwa. Nilifikiri ulijifunga mwenyewe."

Baba na binti walitazamana kama watu waliogundua kwamba wamekuwa wakimshukuru mtu asiyekuwepo.

"Basi aliyekupiga alikukaribia," Editha alisema taratibu. "Alikukuta umezimia, akakufunga, akakimbia. Anayetaka kuua hafungi jeraha."

Mzee alijikuna kidevu. "Kamanzi alijuta. Njo sababu alinifunga."

"Inawezekana. Lakini mshale ule una maneno yake, na mimi siijui lugha yake. Mnamjua mtu anayeijua?"

Isaro alimjua. Wawindaji wote wa kanisa, alisema, walikuwa wakipelekeana habari za Mtanzania mmoja wa Columbus, dada Adelina, mhandisi wa mitambo aliyeshindana kwa upinde na ambaye mwisho wa wiki alitengenezea watu mishale. Mzee alisema naye ataenda. Alitaka kuona kwa macho yake, alisema, ili asidanganywe na mapenzi ya msichana.

Walikwenda Januari mwishoni. Isaro ndiye aliyeshika usukani, mzee mbele kanyoosha mguu, Editha nyuma na picha zake mapajani.

Karakana ya Adelina ilikuwa gereji ya nyumba yake, safi kama zahanati. Aliwakaribisha kwa chai ya tangawizi, akamwamkia mzee shikamoo, kisha akavaa miwani na kutazama picha.

"Dada Editha," alisema, "watu wengi wanadhani mshale ni mshale. Mshale ni kama kiatu, unapimwa kwa mwenyewe. Urefu wake unafuata mikono ya mpigaji, maana upinde huu wa kapi, wenye magurudumu madogo nchani, una mwisho wake wa kuvutika, na tunauweka kulingana na mikono. Ugumu wake unafuata nguvu ya upinde: ukiwa laini mno unapindapinda hewani, ukiwa mgumu mno unakwenda upande. Na uzito wake uwe wa kutosha, la sivyo upinde wenyewe unaweza kupasuka. Huyo kijana wenu ana urefu gani?"

"Anainama milangoni," Isaro alisema.

Adelina alitabasamu. Alichukua upinde, akaurekebisha ufikie mvuto wa mtu mrefu kama Kamanzi, kwa vipimo ambavyo Editha alivipata kwa upinde uliokamatwa. Akachagua mshale usio na kigumba, akaukata kwa urefu uleule wa mshale wa pichani, akamwita jirani yake, jitu la futi sita na zaidi lililokuwa likikwangua theluji nje.

"Vuta polepole. Usiachie."

Jirani alivuta. Mshale ulirudi nyuma, ukateleza juu ya egemeo lake, na kabla uzi haujafika shavuni kichwa cha mshale kilitoka kwenye egemeo, kikaanguka juu ya kidole cha mkono ulioshika upinde. Jirani alirudia. Mshale ulianguka tena.

"Hapa," Adelina alisema, "kigumba kingekuwa kimemkata mkono wake mwenyewe. Kamanzi hawezi kuupiga mshale huu kwa upinde wake."

Mzee Rurangwa alikuwa ameegemea magongo, shingo mbele. "Na kama alivuta nusu tu?"

"Swali zuri, mzee. Upinde huu ukiwa katikati ndipo unapokuwa mzito kuliko wakati wote. Unalegea ukifika mwisho tu. Katikati huwezi kulenga, mkono unatetemeka. Na mshale wa kuvuta nusu usingepasua ubao wa uzio kisha ukafika kwenye paja lako."

Mzee alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Nimemwita muuaji," alisema. "Nimemwita muuaji mbele ya bantu wote, kanisa lote."

Isaro alimwekea mkono begani, lakini Editha alikuwa bado na swali. "Ule mshale ni mzito kichwani. Kwa nini?"

"Nilikuwa nakusubiri uulize." Adelina alikuza picha ya kichwa cha mshale. "Ndani yake pamewekwa kipande cha shaba ya njano. Mtu mwenye mikono mifupi, upinde wake unasukuma mshale kwa safari fupi, basi anapoteza nguvu. Kama ana kifua cha kuvuta upinde mzito, nampa mshale mgumu na nauongezea shaba mbele, upenye. Gundi hii ya buluu ni yangu. Mwaka jana seti ya namna hii nilitengeneza moja tu, kwa bwana mmoja mfupi, kifua kipana, aliyekuwa akiimba muda wote nikimkatia. Sauti tamu sana."

Hakuna aliyehitaji kutajiwa jina. Mzee ndiye aliyelitamka. "Gatsinzi."

Ni Gatsinzi aliyekuja hospitalini kumwombea, akamshika mkono akalia. Ni Gatsinzi aliyeiacha kwaya ghafla mwezi Desemba, akahamia Buffalo kwa binamu yake Sebineza, akisema kule kazi ni nzuri. Njia ya mwongo ni fupi, Editha aliwaza. Na ile ya Gatsinzi iliishia kwenye lango la mzee.

"Turudi nyumbani, baba?" Isaro aliuliza.

"Tuende Buffalo," mzee alisema.

Walilala kwa Adelina, asubuhi wakashika barabara ya kaskazini. Theluji iliwapokea walipolikaribia Ziwa Erie. Saa saba mchana walikuwa Black Rock, mtaa wa Buffalo, mbele ya nyumba ya mbao iliyobambuka rangi, karibu na mto, na Sebineza aliwafungulia kwa furaha ya mtu asiyejua lolote. "Muzee Rurangwa! Unatembea! Gatsinzi, kuja uone Mungu alifanya nini!"

Gatsinzi alitoka jikoni akifuta mikono. Alipomwona mzee, tabasamu lilikuja nusu, likakwama.

Waliketi. Editha alijitambulisha, akasema wazi kwamba anafanya kazi kwa wakili wa Kamanzi na kwamba Gatsinzi halazimiki kumjibu.

"Bon, sina cha kuficha."

"Uliwaambia polisi ulimwona Kamanzi ukipita kwenda kazini. Ulikuwa barabara gani?"

"Ile ya shamba."

"Barabara ya shamba inaishia kwenye lango la mzee. Haimpeleki mtu yeyote kazini."

"Nilisema vibaya. Nilikuwa ninageuza motokari."

"Upinde wako uko wapi?"

"Nilimupatia Ndahiro."

"Ndahiro hana upinde mwingine ila wake, na hata huo hawezi kuuvuta. Nilikuwa nyumbani kwake."

"Basi niliuuza! Mama, unanitafutia nini? Polisi walishamaliza hii mambo!"

Editha alifungua mdomo kumweleza habari za shaba na gundi ya buluu, lakini mzee aliinua gongo lake kidogo.

"Mwache, mama. Mimi sikukuja juu ya mushale." Alisogea mbele kwenye kiti. "Gatsinzi, nimekuja kutafuta mtu alinifunga mguu. Daktari alisema bila ile kamba, Isaro angekuta maiti. Nilifikiri ni Isaro, si yeye. Bon, kama ni Kamanzi njo alinipiga, basi ni Kamanzi njo alinifunga. Jumapili nitasimama ku kanisa, nimushukuru Kamanzi mbele ya bantu. Nifanye vile?"

Gatsinzi alitikisa kichwa.

"Nijibu, mwanangu. Nimushukuru nani?"

"Si Kamanzi!" Ilimtoka kama kitu kilichokuwa kimemkaba. "Kamanzi hakukuwa pale! Ni mimi nilikufunga. Ni hii mikono yangu, muzee. Niliomba Mungu kila fundo."

Sebineza alishika kichwa. Gatsinzi alikuwa ameteremka kwenye kiti, amepiga magoti kwenye zulia, na sasa maneno hayakuzuilika. Mzee alikuwa amemkataza kuwinda pale tangu alipojeruhi kulungu akamwacha afe polepole. Asubuhi ile alijipenyeza kwa siri. Aliona majani yanatikisika nyuma ya uzio, hakungoja kuona kinachoyatikisa, akaachia. Kisha akasikia sauti ya mtu ikimwita Mungu kwa lugha ya kwao.

"Nilikufunga, nikashika simu niite msaada. Njo nikakumbuka Bamurange na watoto. Wako ku kambi Rwanda, muzee, miaka yote hii, na sasa waliitwa kwa mahojiano ya kuja huku. Nikafikiri, polisi wakiandika jina langu, batoto wangu hawatakuja. Nikasikia motokari ya Isaro. Nikakimbia. Kisha polisi wakaniuliza nilikuwa wapi, nikaogopa, nikasema Kamanzi. Nilifikiri watamwachia. Kila siku nilifikiri watamwachia."

Isaro alisimama. "Ulikuwa karibu hivyo ukanisikia naita? Ukanyamaza?"

"Wewe una batoto," mzee alisema, bila kupandisha sauti. "Na Kamanzi hana mama aliyemuzaa? Wewe ulipenda wako bavuke, ukamutupa wa mwenzako ku maji. Kunipiga ni kosa. Hiyo nilikusamehe nikiwa ndani ya motokari. Lakini kwa Kamanzi, nenda ukaombe mwenyewe."

Gatsinzi aliinuka, akapanda ngazi, akarudi na podo lake. Editha alitoa mshale mmoja akaulaza kando ya utepe wa kupimia. Urefu ulikuwa uleule, haukuzidi wala kupungua. Kwenye shingo ya kigumba gundi ya buluu ilionekana, kama pete nyembamba. Aliurudisha mshale podoni.

"Usiniambie zaidi," alimwambia. "Mimi ni wa Kamanzi. Tafuta wakili wako, kisha mwende pamoja polisi, kwa miguu yako. Ukienda mwenyewe itakuwa tofauti na kuja kuchukuliwa."

"Nitamupeleka mimi," Sebineza alisema. "Kesho asubuhi."

Na alimpeleka. Gatsinzi alikiri kupiga asichokiona na kusema uongo kwa polisi. Hukumu yake ilipofika, mzee Rurangwa alisimama mahakamani kwa magongo yake, akawaonyesha alama ya kamba kwenye paja, akaomba wamkumbukie hilo. Walimkumbukia kiasi. Habari ya mkewe na watoto ilibaki mikononi mwa wakili mwingine, na Editha, ambaye alizoea kufunga faili na kusahau, hiyo hakuisahau.

Kamanzi aliachiwa Ijumaa ya Februari, saa nne asubuhi, jua limetoka juu ya theluji inayoyeyuka. Nje ya lango kanisa lote lilikuwa limekuja: waliotoka zamu ya usiku viwandani na sare zao mwilini, kina mama na watoto mgongoni, Ndahiro na Mukabutera mbele kabisa. Lango lilipofunguka kina mama walipiga vigelegele hadi walinzi wakachungulia.

Isaro alianza kukimbia, lakini baba yake alimshika mkono. "Ningoje. Mimi kwanza."

Alivuka ule uwanja wa saruji kwa magongo, polepole. Akasimama mbele ya Kamanzi, akamtazama juu.

"Nilikuita muuaji mbele ya bantu hawa," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mbele yao nasema: nilikosa. Nisamehe, mwanangu."

Kamanzi alipiga goti kwenye maji ya theluji, akashika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Inuka, utapata baridi. Harusi ni lini?"

"Muzee, ulisema tungoje amalize shule."

"Nilisema. Isaro, unasemaje?"

Isaro alikuwa ameshafika. "Nasema shule nitaimaliza nikiwa mke wa mtu."

"Basi bakwe zangu," mzee aliwageukia watu, "mnangoja nini? Imbeni!"

Wakaimba. Mukabutera alimkamata Editha kiuno akamvuta katikati ya duara, naye mpelelezi, aliyekuwa na kesi nyingine saa tano, alivua viatu vyake vya ofisini akavishika mkononi, akacheza nao kwenye maji ya barafu.